Mwalimu Wetu wa Uhasibu Hakupotea Popote

Wasee, kuna neno nimelisikia mara nyingi sana tangu tumzike mhadhiri wetu, na linanikera. "Alipotea." Ati kijana aliyekuwa anaruka juu ya wavu kama ana springi miguuni aliishia kufundisha uhasibu, basi akapotea. "Yule angefika mbali." Mbali wapi, jamani?

Jina lake silitaji, familia bado inaomboleza. Ila mkiwa watu wa Wote au Kibwezi na mlikuwa sekondari miaka ya tisini, mshamjua. Muhula wa pili ukifika, ule wa mpira wa miguu, netiboli na voliboli, watu walikuwa wanaacha biashara sokoni waende kutazama smashi zake. Sikuwahi kuziona, sikuwa nimezaliwa. Nimezisikia tu, na kila anayesimulia anaongeza mpira unapigwa nguvu zaidi.

Kidato cha nne kikaisha na simu haikulia. Na hata ingelia, tuseme ukweli: voliboli ya wanaume Kenya, ukiwa mkali sana, unachukuliwa na GSU, Magereza au timu ya bandari kule Mombasa. Ni kazi nzuri, siidharau. Lakini ni kazi, kama hii nyingine. Hakukuwa na ndege ya kwenda Ulaya iliyomwacha kwenye stendi ya Wote.

Akaingia CPA. Nyinyi mnaofanya mitihani ya KASNEB sasa, zamani ilikuwa sehemu 6, karatasi 18. Alimaliza akiwa anafanya vibarua. Kisha akavuka mto Athi kuja kufundisha Kitui, wakati ile barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo bado ni vumbi tupu. Akafundisha zaidi ya miaka ishirini.

Sasa siku ya mazishi. Wachezaji wenzake watatu walipewa maikrofoni, kila mmoja na mechi yake, seti ya tano, pointi ya mwisho, refa aliyekula hongo. Tulicheka, ilikuwa poa. Halafu MC akasema, "na baadaye alikuwa mwalimu," akaita kwaya. Baadaye! Miaka ishirini na zaidi ya mtu inaitwa baadaye.

Nitawaambia kwa nini inaniuma. Hapa Kitui tunajivunia Benson Masya, na ni haki yetu. Bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa nusu marathoni, Newcastle, 1992. Great North Run alishinda mara 4. Lakini Masya alianza kama bondia. Alipigana kwenye Michezo ya Afrika hapa Nairobi mwaka 1987, kisha akatundika glavu akaenda mbio. Ushawahi kusikia mtu akisema ndondi ilimpoteza Masya? Ama mchukue Mike Boit. Shaba ya mita 800 Munich 1972, baadaye akawa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Huyo tunamsifu, ati alikuwa na miguu na kichwa. Kwa hivyo kuhama si shida. Shida yetu ni kwamba ukihama bila medali tunakuita mtu aliyeanguka. Kijana wa miaka kumi na minane akikosa kuitwa na klabu, kijiji kishamwandikia tanzia.

Na huyu jamaa alikuwa mkali darasani, manze. Mifano ya kitabuni kuhusu kampuni za Uingereza aliiruka. Alituletea mfanyabiashara wa ndengu anayenunua Mutomo kwa deni, anauza Nairobi, analipwa nusu. Nani anamdai nani? Andika. Ukikosea upande, safu mbili zinakataa kulingana, na anakuacha hapo mbele ya ubao mpaka uione mwenyewe. Uchakavu wa mali alitufundisha kwa bodaboda: inakuletea pesa kila siku na kila siku inakufa kidogo, sasa ukihesabu faida bila kuhesabu kufa kwake, unajidanganya. Jumamosi alikuwa anakagua vitabu vya chama cha akina mama fulani, bure. Mwekahazina wao alikuja mazishini. Hakuna aliyempa maikrofoni.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, fee ilikataa. Lakini biashara ya video ninayofanya inasimama juu ya yale mambo ya bodaboda. Kampuni ya kwanza iliponilipa, niliandika simu, taa na bando kwenye daftari kabla sijanunua hata chipsi. Pesa ya kazi ina laini yake, yangu ina laini yake. Nawajua wenzangu wenye wafuasi mara tano yangu ambao KRA ikiwauliza wamepata ngapi mwaka huu, watatoa jasho.

Nasikia wachezaji wenzake wanapanga mashindano ya Desemba kwa jina lake, na kombe. Sawa kabisa, nitakuja, nitarekodi bila kulipisha. Ombi langu kwa kamati ni moja: ada za timu kuingia zitoe pesa ya kumsajili mtoto mmoja KASNEB kila mwaka, kutoka Makueni mwaka huu, Kitui mwaka ujao. Na hesabu za mashindano zibandikwe ukutani siku hiyo hiyo. Yeye angeziuliza kabla hata ya kuuliza nani ameshinda.

Wakati huo mimi naandika orodha. Kama alikufundisha, nitumie jina lako na kazi unayofanya sasa. Hadi jana usiku nilikuwa na watu 43. Kuna mkaguzi wa hesabu kwenye ofisi ya kaunti, kuna karani wa sacco Mwingi, kuna dada ana duka la dawa Mtito Andei, na kuna jamaa anauza ndengu, ndengu zenyewe, na anasema hajawahi kulipwa nusu.