Maumivu Yasiyoacha Kovu

Mwaka 1971, katika Ireland Kaskazini, watu 14 kati ya mamia waliokamatwa na vyombo vya usalama vya Uingereza walitengwa ili wahojiwe kwa namna ya pekee. Walivikwa mifuko vichwani, wakasimamishwa saa nyingi mikono ukutani, wakapigiwa kelele mfululizo, wakanyimwa usingizi, chakula na maji. Njia hizo hazikuzaliwa huko. Ripoti ya Lord Parker ya 1972 ilieleza kwamba zilikwishatumika, zote au baadhi, katika makoloni, Kenya ikiwemo.

Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 1976 kwamba huo ni utesaji. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg, ikalegeza kamba mwaka 1978: ni ukatili na udhalilishaji, ila maumivu hayakufikia ukali wa utesaji. Makosa yalianzia hapo, kwa sababu mhojaji alipewa kipimo cha kubishania.

Na alikibishania kweli. Agosti 2002, wanasheria wa Wizara ya Sheria ya Marekani waliitaja hukumu hiyo katika waraka uliodai kuwa maumivu ya mwili huwa utesaji pale tu yanapolingana na yale ya kiungo kushindwa kufanya kazi, au ya kifo. Mwezi huohuo mshukiwa wa ugaidi Abu Zubaydah, mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alilazwa chali, kitambaa usoni, akamiminiwa maji hadi pumzi ikakata; alifanyiwa hivyo mara 83. Waraka ulifutwa mwaka 2004, maji yakiwa yamekwishamwagika.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1984 dhidi ya utesaji nao unataka maumivu yawe makali, lakini unayahesabu ya mwili na ya akili, kisha unauliza yalisababishwa kwa makusudi gani na kama mkono wa dola ulihusika. Maswali hayo mawili ndiyo yenye uzito, maana yana majibu hata pale daktari asipoona jeraha.

Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, ni ushahidi. Katika miaka ya 1980, watuhumiwa wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, walifungiwa uchi kwenye vyumba vya chini vilivyojazwa maji, wakasimama humo siku kadhaa, kisha wakapelekwa mahakamani kukiri makosa. Maji hayaachi kovu. Hata hivyo, Julai 2010 Mahakama Kuu ya Kenya iliwapa fidia walalamikaji 21, na sheria ya kuzuia utesaji ikapitishwa mwaka 2017.