Mgonjwa asiyesema huenda anasikia

Mgonjwa aliyepooza mwili mzima kwa kiharusi cha shina la ubongo huweza kudhaniwa hana fahamu. Jamaa humzunguka kitandani wakajadili mazishi, kumbe anawasikia. Nimeyaona hayo wodini, na yalinichoma.

Mara nyingi macho ndiyo hubaki yakitii, hasa kutazama juu na chini. Mfaransa Jean-Dominique Bauby, aliyepatwa na kiharusi Desemba 1995, alitunga kitabu kizima kwa kupepesa jicho la kushoto huku akisomewa herufi moja moja.

Siku hizi kuna kompyuta zinazofuata macho. Kasoro yake ni kwamba jicho halitulii: kila linapotua, mashine hudhani mgonjwa amechagua. Ndiyo sababu watafiti wanaunganisha njia mbili. Jicho huelekeza kwenye herufi, kisha vinasa umeme vilivyobandikwa kichwani husubiri ubongo ukubali, kwa mfano mgonjwa anapowaza kukunja ngumi. Hakuna upasuaji. Lakini kazi huenda polepole, na vinasa hivyo huvurugwa na kupepesa kwenyewe.

Naiheshimu kazi hiyo, ila sikubali tukae kuisubiri. Kipande cha kadibodi chenye herufi kinamshinda nani? Kabla ya kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa haelewi, daktari amwambie: tazama juu ukinisikia. Nanyi jamaa mjaribu, na asipoitika leo, rudieni kesho na kesho kutwa, maana mgonjwa wa aina hii huchoka upesi.