KIJANA MREFU NA MSHAHARA WA NG'AMBO

Mwaka 2005 wakuu wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa huko Marekani, pamoja na chama cha wachezaji wa ligi hiyo, walikubaliana jambo lililobadili maisha ya vijana wengi ambao hawakuwapo mezani pale. Kuanzia uteuzi wa mwaka 2006, kijana wa Kimarekani hakuruhusiwa tena kuteuliwa na timu yo yote mpaka atimize miaka 19 katika mwaka wa uteuzi, na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake kumaliza sekondari. Kabla ya hapo njia ilikuwa wazi. Kevin Garnett aliipita mwaka 1995, Kobe Bryant mwaka uliofuata, na LeBron James mwaka 2003. Wote walitoka darasani wakaingia moja kwa moja katika mishahara ya mamilioni.

Wengi waliokutana na kizingiti hicho walikwenda chuo kikuu. Huko walipewa masomo, chakula na malazi lakini hawakupewa mshahara, kwa maana sheria za michezo ya vyuo wakati ule ziliwataka wawe wachezaji wa ridhaa. Viwanja vilijaa watazamaji, televisheni zililipa fedha nyingi, makocha walitajirika, naye kijana aliyetia mpira kikapuni alirudi bwenini mfuko mtupu. Haishangazi kwamba baadhi yao walianza kuuliza kwa nini kazi ile ile isifanywe mahali inapolipwa.

Aliyejulikana kwanza kwa kuuliza hivyo ni Brandon Jennings, mzaliwa wa Compton, California. Alikuwa amekwisha kubali kwenda Chuo Kikuu cha Arizona, lakini mtihani wa kuingilia chuo ukamtatiza, na mwaka 2008 akageuza njia kuelekea Italia, kuichezea Lottomatica Roma. Hakwenda peke yake: mama yake na ndugu yake mdogo walihamia naye. Jambo hilo dogo aghalabu hurukwa na wanaoisimulia habari yake, kumbe huenda ndilo lililomshikilia. Kocha wa Ulaya hana haja ya kumlea mgeni atakayeondoka baada ya mwaka mmoja; yeye anatafuta ushindi wa wiki hii, na wachezaji wazima wenye watoto wa kulisha hawamwachii mtoto nafasi zao. Jennings alikaa benchi sana, na katika ligi ya Italia wastani wake haukufika pointi 6 kwa mchezo. Hata hivyo mwaka 2009 aliteuliwa wa 10, na timu ya Milwaukee Bucks, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo akatia pointi 55 katika mchezo mmoja. Vijana waliokuja nyuma yake walizikumbuka pointi hizo 55. Benchi la Roma hawakulikumbuka.

Mmoja wa waliofuata, Jeremy Tyler wa San Diego, alifanya haraka zaidi. Mwaka 2009, ukiwa umebaki mwaka mmoja amalize sekondari, aliacha shule akasaini na Maccabi Haifa ya Israeli. Alikuwa mrefu kupita mita mbili na sifa zake zilivuma, lakini alikuwa bado mtoto katikati ya watu wazima. Alicheza michezo 10 tu, na kabla ya msimu kwisha akarudi kwao. Akajaribu tena Japani, katika timu ya Tokyo Apache. Tetemeko kubwa la ardhi la Machi 2011 likaukatisha msimu huo. Aliteuliwa mwaka 2011, wa 39, akahama kutoka timu moja hadi nyingine, kisha akarudi kutafuta riziki ng'ambo. Hapana anayeweza kuapa kwamba mwaka ule mmoja wa shule ungalimwokoa. Lakini aliuacha nyuma pamoja na cheti chake, na hicho kilikuwa cha kwake hata kama goti lingevunjika.

Habari ya Emmanuel Mudiay inawahusu zaidi watu wa pande hizi. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1996, baba yake akafariki yeye akiwa mdogo, na vita vikamkimbiza mama yake hadi Marekani, ambako baadaye aliwapata tena wanawe. Kijana alikua, akawa mchezeshaji hodari, akakubali kwenda chuo kikuu huko Texas. Mwaka 2014 akabadili nia akaenda China, kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 1.2 na timu ya Guangdong. Alieleza wazi kwamba amechoka kumwona mama yake akihangaika. Nani atamlaumu? Mtoto wa mjane aliyevuka bahari kwa ajili ya vita hawezi kuambiwa asubiri mwaka mmoja bila senti wakati mlango wa jirani uko wazi.

Pamoja na hayo, China ilimwonyesha jinsi biashara ilivyo. Alianza vizuri sana, kisha akaumia kifundo cha mguu. Timu za huko huruhusiwa wageni wachache tu. Nafasi ya mgeni aliyelala ni hasara. Guangdong ikamwita Mmarekani mwingine, mtu mzima aliyekwisha kucheza NBA, akashika nafasi hiyo. Mudiay alicheza michezo 12 tu msimu mzima. Bahati yake ni kwamba sifa zilikuwa zimetangulia: mwaka 2015 aliteuliwa wa 7, na Denver Nuggets. Kijana asiye na sifa kama hizo angepata jeraha lile lile, lakini si uteuzi ule.

Mwaka 2019 LaMelo Ball na R. J. Hampton walikwenda kucheza katika ligi ya Australia, yenye mpango maalumu wa kupokea vijana wa namna hiyo. Wa kwanza aliteuliwa wa 3 mwaka 2020, wa pili wa 24. Baada yao safari hizo zilipungua, na sababu ni fedha. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kupata malipo ya matangazo kwa majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa. Mshahara uliofuatwa Roma na Guangdong sasa umehamia chuoni, na safari imegeuka: vyuo vinapokea hata vijana waliokwisha kulipwa katika klabu za Ulaya.

Wenye sare watapenda kukumbushwa pia David Robinson, aliyesoma hisabati katika chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani. Aliteuliwa wa kwanza kabisa mwaka 1987, akalitumikia jeshi miaka miwili huku San Antonio Spurs wakimngoja, akaanza kuwachezea mwaka 1989, akatwaa nao ubingwa mara mbili. Ni kweli kwamba mtu wa kimo kile husubiriwa, wengine hawasubiriwi.

Katika kambi na kota za polisi vimo viwanja vya kikapu, na vijana warefu wamo. Siku wakala atakapopiga hodi na karatasi zake, mzazi asitazame kwanza tarakimu ya mshahara. Shirikisho la kimataifa, FIBA, haliruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa sababu maalumu. Anayeahidi kumsafirisha mtoto wa miaka 16 kesho kutwa ana mengi ya kueleza. FIBA hutoa leseni kwa mawakala, na leseni huonyeshwa. Mshahara uandikwe kwamba utalipwa hata akiumia, matibabu yawe juu ya klabu, na tiketi ya kurudi itajwe. Tena kiwepo kifungu kinachopeleka madai katika baraza la usuluhishi wa mpira wa kikapu lililoko Geneva, kwani baraza hilo husikiliza mashauri ya wale tu waliolitaja katika mkataba. Asiye na kifungu hicho huachwa adai mshahara wake katika mahakama za ugenini, kwa lugha asiyoijua, huku viza yake ikielekea kwisha.