Mlango Uliofungwa Nkoma
Na Twaha Mafabi

Wako watu wenye akili timamu ambao, wakiambiwa kwamba hali ya chanjo katika eneo zima imepimwa kwa kuwauliza kina mama 19 tu, hudhani maafisa wa afya wamefanya uvivu. Nami nawasihi wafanye insafu, kwa kuwa hisabu hiyo ni madhubuti na ina asili yake. Ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1920, Harold Dodge na Harry Romig wa maabara za simu za Bell walipotafuta njia ya kuikubali au kuikataa shehena pasipo kukagua kila kipande. Waganga wakaichukua baadaye, na huku mashariki ya Uganda mradi wa STAR-E, uliokuwa na makao yake Mbale, uliitumia pamoja na wilaya zetu.

Wilaya hugawanywa maeneo, na kila eneo hutoa watu 19 kwa kura. Ikiwa lengo ni asilimia 80, basi wakipatikana 13 au zaidi waliochanjiwa watoto wao eneo limefikia. Wakipungua, huko ndiko msaada uelekezwe. Eneo ambalo kwa hakika ni nusu tu ya watoto wake waliochanjwa halitapenya kwa bahati hata mara moja katika kumi.

Lakini yote haya yamesimama juu ya kura, na kura huharibika mlangoni. Tuseme imeangukia chumba kimoja cha kupanga hapa Nkoma, Mbale. Mdadisi afika saa nne asubuhi, akuta kufuli, maana mwenye chumba yuko sokoni tangu alfajiri na mwanawe mgongoni. Jirani yupo barazani, kadi ya kliniki anayo, na mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC1), kwa wema wake, asema tumuulize huyu. Miongozo mingi huruhusu kuhamia nyumba ifuatayo, na mimi ruhusa hiyo siiridhii hata kidogo, kwani aliye nyumbani mchana aghalabu ndiye aliyepata wasaa wa kwenda kliniki. Wabadilishwe watatu namna hiyo, na 11 watakuwa 14. Eneo lililostahiki msaada litaandikwa limefaulu, wala hakuna mtaalamu atakayeligundua kosa ofisini, kwa kuwa fomu zote 19 zimejaa. Hata tukiuliza watu 1,900 kwa mtindo huo hatutapona. Tutakuwa tumelikariri kosa lile lile mara mia.

Ninalolitaka kwa halmashauri za Mbale na Jinja ni kwamba posho ya mdadisi iwe na fungu la kurudi baada ya magharibi, na tena siku ya pili, kabla ya mlango wowote kuachwa. Na kwamba idadi ya milango iliyoachwa iandikwe katika ukurasa wa kwanza wa ripoti, kando ya ile 13, ili diwani anayegawa fedha aione kabla hajapiga kura yake.