Elimu ya Vitu: Majina ya Madini ya Kwale na Alama Zake

Mchanga uliochimbwa Maumba na Nguluku, katika eneo la Msambweni, ulioshwa na kuchekechwa, kisha ukachukuliwa kwa malori mpaka gati la Likoni na kupakiwa melini. Shehena ya kwanza iliondoka mwezi wa Februari mwaka wa 2014, na uchimbaji ukakoma mwezi wa Desemba mwaka wa 2024. Mali iliyosafirishwa ilijulikana kwa majina matatu: ilmenaiti, rutili na zirkoni. Majina hayo yalikuwa mageni kabisa kwa mkulima wa minazi na mikorosho aliyehamishwa ili mchanga huo upate kuchimbwa, naye ana haki ya kujua yalikotoka.

Yafaa kwanza kutenga mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Ilmenaiti ni jina la madini kama yanavyotoka ardhini, nalo limetwaliwa kutoka milima ya Ilmen katika nchi ya Urusi. Madini hayo yakichambuliwa kwa njia za kemia hupatikana ndani yake vitu vitatu: chuma, oksijeni na titaniamu. Vitu hivi vitatu havichambuliki tena kwa njia hizo, na kitu cha namna hiyo ndicho kiitwacho elementi. Madini yaweza kupewa jina na mchimbaji au hata na mfanyabiashara, kama lilivyopewa jina la tanzanaiti na kampuni moja ya vito ya New York. Elementi haipewi jina kwa urahisi huo.

Titaniamu ilivumbuliwa mara mbili. Mwaka wa 1791 padri mmoja wa Uingereza, William Gregor, aliokota mchanga mweusi kijitoni katika parokia ya Manaccan, jimbo la Cornwall, akagundua kwamba una kitu kisichojulikana, akakiita kwa jina la mahali pale. Miaka minne baadaye Martin Heinrich Klaproth, mtaalamu wa Berlin, alikipata kitu hicho hicho katika rutili. Bwana Klaproth alikiri kwamba padri alimtangulia, lakini jina lililodumu ni lake yeye. Aliona si busara kukiita kitu kwa tabia ambazo bado hazijafahamika vema, kwa kuwa jina laweza kuja kuwa la uongo. Basi akatwaa jina la Titani, wale majitu wa hadithi za Wayunani waliosemwa kuwa wana wa Ardhi. Mtu aweza kuona kwamba padri alidhulumiwa. Hata hivyo hoja ya Klaproth ilikuwa na nguvu.

Zirkoniamu pia ilipewa jina na Klaproth, mwaka wa 1789, kutokana na jiwe la zirkoni. Wachunguzi wa lugha hulirudisha neno hili kwa Waarabu, na nyuma yao kwa Waajemi, kwa maana ya rangi ya dhahabu. Neno la Kiajemi la dhahabu ni zar, na mwenye joho la zari amelivaa neno hilo siku nyingi bila kujua kwamba ni ndugu wa madini ya Kwale.

Alama ni habari nyingine. Ti, Zr, Fe na zote zinazofanana nazo zatokana na utaratibu wa Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi, alioutoa katika miaka ya 1813 na 1814. Kabla yake John Dalton wa Uingereza alitumia viduara vyenye nukta na mistari ndani, navyo viliwachosha wachapaji wa vitabu. Berzelius alisema herufi zatosha: herufi ya kwanza ya jina la Kilatini, na ikiwa elementi mbili zinagongana, iongezwe herufi nyingine. Ndiyo sababu chuma ni Fe, kwa ferrum, na shaba ni Cu, kwa cuprum, neno litokalo katika jina la kisiwa cha Kupro.

Mkulima anunuaye mbolea hukutana na Berzelius kila msimu. Gunia huandikwa N, P, K pamoja na tarakimu tatu, kwa mfano 17-17-17. N ni naitrojeni na P ni fosforasi. K ni potasiamu, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa maana jina la potasiamu halina K. Waingereza waliliunda jina lao kutokana na majivu ya chunguni. Berzelius alilifuata jina la kalium, litokalo katika neno la Kiarabu la majivu ya mimea. Majina yote mawili, basi, husimulia jambo moja. Mzee wa Diani anayechoma makumbi ya nazi na kutia majivu yake shambani anatia K, hata kama hajapata kuiona herufi hiyo. Tarakimu nazo zina hila yake: ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni yenyewe, lakini ya pili na ya tatu huhesabiwa kana kwamba fosforasi na potasiamu zimeungana na oksijeni. Kwa hiyo gunia la kilo 50 la 17-17-17 lina naitrojeni kilo 8 na nusu, ila fosforasi na potasiamu tupu zimo kwa uchache zaidi ya hapo.

Herufi kubwa na ndogo si mapambo. Co ni kobalti, ambayo ng'ombe huihitaji kwa kiasi kidogo sana na hutiwa katika chumvi ya mifugo. CO ni kaboni moja na oksijeni moja, ile hewa ya sumu isiyo na harufu itokayo katika jiko la makaa, ambayo imewaua watu wengi waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Karani apigaye chapa herufi zote kubwa kwa kupenda unadhifu hapati unadhifu huo, bali anageuza kitu kimoja kuwa kingine.

Katika Kwale hakuna mahali penye majina yaliyobishaniwa kuliko Kilima cha Mrima. Kilima hicho kina niobiamu. Mwaka wa 1801 Charles Hatchett aliikuta elementi hiyo katika jiwe la Marekani lililokuwa limehifadhiwa London, akaiita kolumbiamu. Mwaka uliofuata Ekeberg wa Uswidi alivumbua tantalamu, aliyoiita kwa jina la Tantalo, mfalme wa hadithi aliyesimama majini hadi kidevuni asiweze kunywa. Elementi hizi mbili zafanana mno, na mwaka wa 1809 Wollaston alitangaza kwamba ni moja. Mwaka wa 1844 Heinrich Rose alionyesha kwamba ni mbili, akaiita ile ya pili niobiamu, kwa jina la Niobe binti Tantalo. Kwa muda wa miaka zaidi ya mia Ulaya ilisema niobiamu na Marekani ikasema kolumbiamu, mpaka Umoja wa Kimataifa wa Kemia ulipoamua, kati ya 1949 na 1950, kwamba jina liwe niobiamu na alama iwe Nb. Wafua vyuma wa Marekani hawakuharakisha kutii. Mwenye kutafuta habari za niobiamu katika vitabu vyao vya zamani asipotazama pia kolumbiamu na alama Cb aweza kudhani hakuna kilichoandikwa.

Mrima una thoriamu vilevile, ambayo Berzelius aliipa jina la Thor, mungu wa radi wa Waskandinavia. Ndiyo sababu mojawapo ya mionzi ya udongo wa huko kuwa mingi kuliko ya sehemu nyingine. Lakini kwa Wadigo Mrima ni kaya, yaani msitu wa wazee, kabla ya kuwa madini. Leseni ya kuchimba iliyotolewa mwaka wa 2013 ilifutwa mwaka ule ule. Kampuni ikashtaki mbele ya baraza la kimataifa, na mwaka wa 2018 ikashindwa, kwa kuwa leseni ilitolewa bila kufuata sheria zinazoulinda msitu huo.

Siku hizi mvumbuzi hajipi ruhusa mwenyewe. Wataalamu huchunguza kwanza kama uvumbuzi ni wa kweli. Kisha mvumbuzi hupendekeza jina na alama, watu wote hupewa miezi mitano watoe maoni, na mwishowe Umoja huthibitisha. Jina laweza kutoka katika hadithi za kale, madini, mahali, tabia ya kitu au mtaalamu. Elementi nne za mwisho zilithibitishwa tarehe 28 Novemba 2016, na jumla ikawa 118. Moja yazo ni nihoniamu, Nh, ya Wajapani. Hao walikuwa wamengoja sana, maana mwaka wa 1908 mtaalamu wao Ogawa alitangaza niponiamu, ikaonekana si sahihi, na alama yake ya Np ikaja kuchukuliwa na neptuniamu.

Kijiji kimoja cha Uswidi, Ytterby, kimetoa majina ya elementi nne: itriamu, itabiamu, tabiamu na abiamu, za jamaa ile ya madini adimu ambayo Mrima nao unayo. Afrika haina mji wala mto wala kilima kilichoingia katika orodha hiyo. Hata hivyo alama ya sodiamu, Na, ni ya natrium, na neno hilo lafuatwa kupitia Kiarabu na Kiyunani mpaka lugha ya Wamisri wa kale, waliolitumia kwa magadi yao. Na Sb, alama ya antimoni, yarudishwa kwa Wamisri hao hao, katika jina la wanja waliojipaka machoni.