POVU RUKSA: Muhuri wa Sevisi Haulainishi Injini

Wadau, leo habari za nani kaachana na nani tuziweke pembeni kidogo. Kuna jambo limenikera na nalisema kama lilivyo, atakayeumia atajijua.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, mnamjua. Juzi kaposti klipu yuko kwa wakala wa pikipiki, kapeleka chuma chake kipya sevisi ya kwanza. Fundi kavaa ovaroli safi, anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakionyesha kwenye kamera, staa anatoa dole, imeisha hiyo. Chini huko machawa wanamwaga sifa eti "huduma ya kibosi".

Sasa irudie ile klipu uitazame vizuri. Pikipiki imelala kwenye stendi ya pembeni. Injini imezimwa sekunde hiyo hiyo. Kijiti kimechomolewa bila hata kufutwa. Jamani, hicho sio kipimo, hiyo ni kiki.

Nieleze taratibu ili tuelewane. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni inalalia kushoto, na oili nayo inakimbilia kushoto. Pikipiki nyingi za mtaani kijiti kiko upande wa kulia, kwa hiyo kitasoma pungufu wakati oili ipo ya kutosha. Fundi anaongeza. Injini ikitoka kuzimwa sasa hivi, oili nyingine bado iko juu haijashuka, kijiti kinasoma pungufu tena. Fundi anaongeza tena. Unaondoka pale na muhuri mzuri kwenye kitabu na oili iliyopita mstari.

Na oili kuzidi sio sifa. Vyuma vinavyozunguka chini vinaipiga ile oili mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Injini inakuwa nzito, inachemka, oili inatafuta pa kutokea: inapanda kwenye bomba la kupumulia mpaka kwenye chujio la hewa, au inasukuma siili zianze kuvuja. Ikipungua ndio balaa zaidi, maana pikipiki nyingi oili hiyo hiyo moja ndiyo inalainisha pistoni, gia na klachi. Ikiisha, injini inanoki, na hapo hakuna wa kukuonyesha dole.

Staa hana shida, chuma kikifa atapewa kingine apige picha. Anayeumia ni dereva wa boda aliyeiona ile klipu akaamini. Jirani yangu mmoja ana pikipiki ya mkataba, kila siku lazima apeleke hesabu kwa bosi mpaka amalize ndipo iwe yake. Alitoka sevisi kwa wakala, sio huyu wa klipu, akaambiwa kila kitu safi. Siku chache baadaye pikipiki haivuti, chujio la hewa limelowa oili. Karudi kwao, wanamwambia "labda uliongeza mwenyewe". Siku mbili hajafanya kazi, na hesabu ya bosi haijasimama hata siku moja. Ushahidi hana, kwa sababu siku ile hakuna aliyepima mbele yake.

Najua watakuja wa kusema "we umeishia fomu foo, fundi kasomea, unamfundisha kazi?" Sawa, kasomea. Ila hata aliyesomea ana pikipiki kumi zinamsubiri na bosi anamkodolea macho. Kilichopo hapo ni chupa ya lita moja, anamimina yote, hesabu imeisha. Wakati kitabu cha pikipiki kinaweza kukupa kipimo zaidi ya kimoja: kuna cha kumwaga na kujaza tu, na kuna cha injini iliyofunguliwa yote. Cha kwanza huwa kidogo, kwa sababu kuna oili inabaki ndani hata ukifungua nati ya chini. Kwa hiyo chupa nzima sio kipimo. Kipimo ni mstari.

Na kupima kwenyewe hakuhitaji cheti. Weka pikipiki sehemu tambarare, isimame wima kwenye stendi ya kati. Kama haina, mwambie mshikaji aishike wima. Washa injini dakika tatu hadi tano bila kuvuta mafuta, hasa kama chujio la oili limebadilishwa, maana chujio jipya linakunywa oili na kipimo kinashuka. Zima, subiri dakika mbili tatu oili ishuke. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kitoe, soma. Oili iwe kati ya mstari wa chini na wa juu.

Hapa wengi wanapigwa: pikipiki nyingi kijiti unakiingiza tu kikae, hukikazi. Ukikikaza kinazama zaidi na kitakudanganya kwamba imejaa. Chache zinataka kikazwe, kwa hiyo fuata kitabu cha yako. Kama yako ina kidirisha badala ya kijiti, sheria ni ile ile: wima, tambarare, subiri, soma.

Ninachosema ni kidogo tu. Ukienda sevisi usitoe hela kabla fundi hajapima mbele yako, pikipiki ikiwa wima, na piga picha. Wakala anayejiamini hatakasirika. Anayekasirika ndiye wa kumwogopa. Kesho yake asubuhi pima tena mwenyewe, halafu kila wiki, maana injini inakula oili kidogo kidogo hata kama haivuji.

Na wewe staa, una wafuasi wengi kuliko kitabu chochote cha pikipiki. Kama umelipwa kutangaza, tangaza, ila mwambie fundi ainyanyue pikipiki kwanza. Kuna vijana wanakula kwa hizo injini.

Haya, povu ruksa. Ila liishie kwenye komenti, lisiingie kwenye injini.