Sheria Zilizopimwa kwa Kilo

Historia ya ajali za jeti ndogo za kibiashara, yaani zile zinazobeba wakurugenzi, wanamuziki, wagonjwa mahututi na vifurushi vya haraka badala ya abiria wa tiketi, kwa kawaida husimuliwa kama orodha ya watu mashuhuri waliofia angani, na kwa sababu hiyo swali lenye uzito zaidi huachwa kando. Swali hilo ni iwapo hatari ya ndege hizi imo katika muundo wake, au imo katika sheria zilizoamua tangu mwanzo kuwa ndege ndogo inaweza kusamehewa yale ambayo ndege kubwa haisamehewi. Familia ya Learjet, ambayo zaidi ya ndege 3,000 zake zilitoka katika kiwanda cha Wichita, jimbo la Kansas, kuanzia 1964 hadi kilipoikabidhi ya mwisho Machi 2022, inafaa kuchunguzwa kwa swali hilo kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa imeruka muda mrefu, imefanya kila aina ya kazi, na ajali zake zimechunguzwa kwa kina.

Bill Lear, mvumbuzi na mfanyabiashara wa Kimarekani ambaye mradi wake ulianzia Uswisi na kuazima fikra kutoka kwa ndege ya kivita iitwayo P-16, alifanya uamuzi mmoja ambao athari yake ilidumu kuliko mtambo wenyewe. Wakati huo sheria za Marekani ziligawa ndege kwa uzito: iliyopita pauni 12,500, yaani kilo 5,670 hivi, ilipaswa kukidhi masharti magumu ya ndege za abiria, na isiyopita kiwango hicho ilihesabiwa pamoja na ndege nyepesi za propela ambazo mkulima au daktari wa mji mdogo angeweza kujinunulia. Learjet 23 ikaundwa ili isivuke mstari huo. Mfano wa kwanza, ulioruka Oktoba 1963, uliteketea Juni 1964 uliposhindwa kupaa vizuri kwa sababu vibao vya juu ya mabawa, ambavyo kazi yake ni kuua nguvu ya bawa wakati wa kutua, vilikuwa vimeachwa wazi. Waliokuwemo walitoka salama, bima ikalipa, na kabla ya miezi miwili kupita aina hiyo ya ndege ikapewa ithibati. Hivyo chombo kilichoweza kwenda sambamba na Boeing kwa kasi na kupanda juu yake kilipewa cheti cha ndege ya shambani. Kisheria hapakuwa na udanganyifu wowote, na huenda bila msamaha huo jeti ya bei hiyo isingezaliwa. Lakini hewa ya futi 40,000 haina habari na uzito uliobandikwa kwenye cheti.

Katika kimo hicho hewa ni nyepesi mno kiasi kwamba kasi mbili ambazo rubani hapaswi kuzigusa hukaribiana. Ya chini ni ile ambayo bawa likiifikia huishiwa nguvu ya kubeba ndege. Ya juu ni ile ambayo mawimbi ya mshindo hutokea juu ya bawa, nguvu ya kubeba ikasogea nyuma, na pua ikaanza kuinama yenyewe, na kadiri inavyoinama ndivyo kasi inavyozidi. Marubani huiita nafasi nyembamba iliyobaki katikati kona ya jeneza. Learjet za mwanzo, hasa za aina ya 24 na 25, zilipoteza watu kadhaa katika nafasi hiyo, na Learjet 25 ilipotumbukia katika Ghuba ya Mexico Mei 1980 ikiwa na marubani wawili, wachunguzi walitaja mambo matatu kwa pamoja: msukosuko wa hewa usioonekana, namna marubani walivyoukabili, na ugumu wa ndege yenyewe kudhibitika inapofika ukingoni mwa kasi yake. Hilo la tatu halipaswi kufichwa na wanaoitetea ndege hii.

Hata hivyo pengo la uundaji lilianza kuzibwa mapema. Kuanzia Learjet 24, ndege hizi zilipitishwa kwa kanuni zile zile za ndege kubwa za abiria, na Learjet 35 ya miaka ya 1970, yenye injini mpya zilizokula mafuta machache, ikawa mashine ya kuheshimika. Kilichobaki wazi ni pengo la uendeshaji. Sheria za Marekani zina ngazi tatu: ya mashirika yenye ratiba, ambayo ndiyo kali kuliko zote, ya ndege za kukodi, iliyo katikati, na ya ndege binafsi, ambayo humwachia mwenye ndege na rubani wake sehemu kubwa ya maamuzi. Ndege ile ile, ikiwa na marubani wale wale, yaweza kuhama ngazi kati ya asubuhi na jioni kutegemea nani amelipia safari.

Ajali iliyoutambulisha ulimwengu kwa Learjet 35 ni ya tarehe 25 Oktoba 1999, iliyomuua mchezaji gofu Payne Stewart na wenzake watano. Ndege iliondoka Orlando, Florida, kuelekea Dallas, Texas, ikaruhusiwa kupanda hadi futi 39,000, rubani akaitikia, na dakika 6 baadaye mwongoza ndege alipoita tena hakujibiwa. Ndege iliendelea kwa karibu saa 4 kuelekea kaskazini magharibi huku ndege za kivita zikiifuata na marubani wa ndege hizo za kivita wakiona vioo vya mbele vya Learjet vikiwa na ukungu kwa ndani, hadi mafuta yalipokwisha ikaanguka kwenye malisho ya South Dakota. Kinasa sauti, ambacho kiliweka dakika 30 za mwisho tu, hakikuwa na neno la mtu. Kilichosikika ni king'ora cha kupungua kwa hewa ya ndani, kikilia bila kukoma.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani iliamua kuwa marubani walilemewa kwa kukosa hewa baada ya shinikizo la ndani kupotea, ila sababu ya kupotea kwake haikupatikana. Lenye mafunzo zaidi katika ripoti ile ni jambo la karatasi. Hewa ikitoka ghafla katika kimo kile, akili ya mtu asiyevaa barakoa ya oksijeni inaweza kuacha kufanya kazi sawasawa ndani ya sekunde chache, tena bila yeye kuhisi vibaya. Wengine hujisikia wachangamfu. Pamoja na hayo, kitabu cha maelekezo cha Learjet 35 hakikuwa na utaratibu wa dharura uliosema king'ora hicho kikilia jambo la kwanza ni barakoa. Rubani aliyekuwa akitafuta swichi yenye hitilafu, kama bidii ya kazi inavyomtuma, alikuwa akitumia sekunde ambazo hakuwa nazo. Mwaka 2008 rubani wa Learjet 25 iliyokuwa ikielekea Michigan alianza kuzungumza kwa ulimi mzito kama mlevi. Waongoza ndege wa kituo cha Cleveland walitambua ni upungufu wa oksijeni, wakamsihi ashuke, na alipofika futi 11,000 sauti yake ikarudi kuwa ya kawaida na ndege ikatua salama. Kati ya ndege hizo mbili, iliyookoka iliokolewa na sikio la mtu aliyekuwa chini.

Kisa cha matairi ni kidogo zaidi kwa sura, nacho ndicho kinachofichua mengi. Usiku wa tarehe 19 Septemba 2008, Learjet 60 iliyokodiwa ilikuwa ikipaa kutoka Columbia, South Carolina, ikiwa na wanamuziki Travis Barker na Adam Goldstein miongoni mwa abiria wanne. Matairi yalipasuka wakati ndege imeshavuka kasi ambayo baada yake rubani anatakiwa aendelee kupaa hata kukiwa na tatizo. Nahodha akaamua kusimama. Ndege ilipita mwisho wa njia ya kurukia, ikavuka barabara, ikagonga tuta na kuwaka moto; marubani wote wawili na abiria wawili wakafa, na wanamuziki hao wakaokoka wakiwa na majeraha makubwa ya moto.

Uchunguzi uligundua kuwa matairi hayakuwa yamepimwa upepo kwa takriban wiki 3. Tairi la Learjet 60 hupoteza karibu asilimia 2 ya upepo wake kila siku, kwa hiyo baada ya siku 8 hivi bila kujazwa lilikuwa limeshafika kiwango cha kutupwa. Dereva wa daladala hulijua tairi lenye upepo mdogo kwa kulitazama au kulipiga teke. Tairi la jeti ni gumu kiasi kwamba likiwa limepungukiwa vibaya bado linaonekana zima, na bila kipimo hakuna anayeweza kujua. Ajabu zaidi ni kuwa, kwa jinsi kanuni zilivyotafsiriwa wakati huo, kupima upepo kulihesabiwa kuwa kazi ya matengenezo, hivyo rubani wa ndege ya kukodi hakuruhusiwa kuifanya, ilhali rubani wa ndege binafsi ya aina hiyo hiyo aliruhusiwa.

Tatizo halikuishia kwenye mpira. Injini za jeti husaidia kusimamisha ndege kwa milango maalumu inayogeuza msukumo uelekee mbele, na milango hiyo hukubali kufunguka tu pale swichi zilizo kwenye magurudumu zinapouambia mfumo kuwa ndege iko chini. Vipande vya matairi viliharibu mfumo huo, ndege ikaamini iko angani, milango ikajifunga yenyewe, na nahodha aliyevuta vishikio ili apunguze mwendo akawa anaisukuma ndege mbele. Kosa hilo halikuwa geni. Januari 2001, huko Troy, Alabama, Learjet 60 nyingine iligonga kulungu ilipokuwa ikitua, swichi zikaharibika, milango ikafanya vile vile. Onyo lilikuwepo kwa zaidi ya miaka 7. Ndege ya shirika kubwa hutua mara nyingi kwa siku mbele ya mafundi wa shirika hilo na hitilafu yake huonekana haraka. Jeti za kukodi zimetawanyika kwa wamiliki wengi wadogo, na habari ya mmoja humfikia mwingine kwa kuchelewa au isimfikie kabisa.

Watetezi wa sekta hii wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Idadi ya ajali peke yake haipimi usalama, kwa kuwa Learjet 35 ziliuzwa kwa mamia, zikafanya kazi ambazo ndege za abiria hazifanyi: kusafirisha hundi za benki usiku wa manane, kutumiwa na majeshi katika mafunzo, kubeba wagonjwa, kazi ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua kupitia madaktari wa ndege wa AMREF walioko Uwanja wa Wilson, Nairobi. Tena jeti ina maisha ya mtumba. Huanza kwa tajiri, ikashuka kwa kampuni ya kukodi, kisha kwa mizigo, na kila inaposhuka bajeti ya matengenezo nayo hushuka. Learjet 25 iliyoanguka Mexico Desemba 2012 ikiwa na mwimbaji Jenni Rivera ilikuwa imetengenezwa mwaka 1969, na rubani wake alikuwa na umri wa miaka 78. Kuilaumu Wichita kwa safari hiyo ni kumlaumu fundi cherehani kwa nguo iliyovaliwa miaka 43.

Hoja ya pili ni kuwa marubani ndio wenye makosa, na ajali za karibuni zinaonekana kuiunga mkono. Teterboro, New Jersey, Mei 2017, Learjet 35 isiyo na abiria ilipinda kwa ukali karibu na ardhi ikitafuta njia ya kutua, bawa likaishiwa nguvu, marubani wote wawili wakafa. Rubani msaidizi, ambaye kwa ngazi aliyopewa na kampuni yake hakuruhusiwa kuirusha, ndiye aliyeirusha sehemu kubwa ya safari. Desemba 2021, Learjet 35 ya wagonjwa ilianguka karibu na El Cajon, California, usiku wenye mawingu ya chini, ikizunguka kwa macho ili itue kwenye njia nyingine ya uwanja, wakafa wanne. Lakini mashirika mengi makubwa ya Marekani yaliwazuia marubani wao kuzunguka namna hiyo hewa inapokuwa mbaya, si kwa sababu marubani wao ni hodari zaidi, bali kwa sababu yalikwishakubali kuwa binadamu hukosea hapo. Kosa la rubani ni kweli. Kwamba mmoja anaachwa alifanye na mwingine anazuiwa ni uamuzi wa sheria.

Misamaha mingine ilidumu kwa mazoea tu. Mkesha wa Krismasi wa 1996 Learjet 35 ilipotea karibu na Lebanon, New Hampshire, na mabaki yake yakapatikana msituni Novemba 1999, takriban miaka mitatu baadaye, kwa sababu jeti zilikuwa zimesamehewa kubeba kifaa cha kutuma ishara baada ya kuanguka, kifaa ambacho ndege nyingi za propela za watu binafsi zililazimishwa kukibeba. Bunge la Marekani liliuondoa msamaha huo, na sharti jipya likaanza Januari 2004. Na hata kifaa kilichobebwa huweza kuwa bure: Learjet 55 ya wagonjwa, iliyosajiliwa Mexico, ilipoanguka Philadelphia tarehe 31 Januari 2025 na kuua wote sita waliokuwemo pamoja na watu waliokuwa ardhini, kinasa sauti chake kilifukuliwa kutoka kwenye shimo, kikakarabatiwa maabara, na kusikilizwa; hakikuwa na sauti ya safari ile, na wachunguzi wakasema huenda kilikuwa hakirekodi kwa miaka kadhaa.

Mwaka 2024 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru kampuni za kukodi ndege ziwe na mfumo rasmi wa kutambua hatari kabla hazijazaa ajali, mfumo ambao mashirika ya ratiba yanao tayari, na ikazipa hadi Mei 2027 kuukamilisha. Mwenye jeti anayesafiri katika ndege yake mwenyewe hakuguswa na amri hiyo, hata pale ndege hiyo hiyo inapokodishwa kwa wengine siku ambazo yeye haihitaji.